Nilisema Jirani Amesafiri

Nianze kwa kukiri kwamba mimi ni mtu wa kijicho. Wengine hulificha jambo hilo. Mimi limenishinda kuficha, na tangu nilipolisema mbele ya hakimu sioni haja tena ya kulionea haya. Kwa miaka tisa niliishi Gatwekera, Kibera, ukuta mmoja na mwanamke ambaye hatukuwahi kunyimana salamu hata asubuhi moja, na sidhani iliwahi kupita wiki nzima bila mimi kumwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa mume wake aliyemchotea maji mchana watu wakiona. Nilimwonea wivu kwa meno yake. Akiugua, wanawake wa kanisa walimletea uji kwa zamu. Mimi nikiugua, niliulizwa kama nimejaribu kunywa maji mengi.

Ukuta wenyewe ulikuwa bati moja, kutu upande wake na kutu upande wangu. Kitanda chake kiliegemea bati hilo na changu pia, kwa hivyo tulilala mgongo kwa mgongo miaka yote hiyo. Ukigonga bati mara moja, maana yake punguza redio. Ukigonga mara mbili, maana yake njoo, nina shida, na ukigongewa mara mbili ulikwenda hata kama mikono ilikuwa na povu. Hakuna aliyetufundisha. Siku mwanangu alipomwagikiwa na chai ya moto niligonga mara mbili, naye akaja bila viatu, amebeba karai la maji baridi. Hata siku hiyo, nikiwa nalia, niliona kwamba miguu yake ni mizuri kuliko yangu.

Sote wawili tulikuwa mama fua. Tulitoka Gatwekera asubuhi kwa miguu mpaka Kawangware, tukakaa juu ya ukuta mfupi kule Gatina, penye zile nyumba za orofa za kupangisha, tukingoja kuitwa. Mwenye nguo chafu huja, akatupa macho kwa wanawake waliokaa pale, akachagua. Walimchagua yeye. Sijui walimwonea nini. Mimi nilifua vizuri zaidi na kola zangu zilitoka nyeupe kuliko zake. Lakini yeye aliteremka ukutani akitabasamu na kusema, "Tuko wawili," kisha akanigeukia. "Jirani, twende." Ndivyo tulivyoitana, jirani kwa jirani. Nusu ya kazi nilizopata siku hizo nilizipata kwa mgongo wake, na hilo lilinikera kuliko kukosa kazi.

Siku ya ajali aliitwa kufua blanketi. Blanketi zito halikamuliwi na mtu mmoja. Mnashika kila mmoja ncha yake, mnasimama mbali, mmoja anasokota kulia na mwingine kushoto, mnavuta mpaka maji yaishe. Tulikuwa orofa ya kwanza, kwenye kibaraza kirefu kinachopita mbele ya milango, chenye vyuma vya kukingia watu wasianguke. Asubuhi nilipotundika mfuko wangu wa vibanio kwenye vyuma hivyo, niliona kipande kimoja hakikuunganishwa kwa moto. Kilikuwa kimefungwa kwa waya, ule wa kufungia nondo, halafu kikapakwa rangi ya kijani juu ya waya ili kifanane na vingine. Niliona. Sikusema kitu, maana ukianza kukosoa nyumba za watu hutaitwa tena kufua.

Tulipofika blanketi la tatu, yeye alikuwa ameupa mgongo upande ule. Tulivuta. Waya ukakatika, vyuma vikafunguka kama mlango, naye akaenda kinyumenyume huku ameshika blanketi. Mimi pia nilikuwa nimelishika. Mpaka leo sijui kwa nini sikuliachilia. Tulipita kwenye kamba za nguo, kisha tukafika chini kwenye saruji. Mimi niliangukia mkono wa kulia na kifundo kikavunjika. Yeye aliangukia ubavu, na hakuweza kusimama.

Hospitalini walinifunga plasta mimi. Yeye alipigwa picha ya nyonga, wakasema haionyeshi ufa, arudi baada ya wiki kama maumivu hayajaisha. Alibebwa nyumbani na mume wake mgongoni, kutoka barabarani mpaka mlangoni, katikati ya Gatwekera, watu wakipisha njia. Mimi nilitembea nyuma yao na mkono wangu kifuani. Nyonga yake ilikuwa inamuua, nilimsikia akilia, na bado niliwaza: ona anavyobebwa. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa mlinzi Athi River na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alinipigia simu akasema pole na kwamba nishukuru Mungu.

Kuna jambo alilofanya mume wake ambalo wakati ule nililiona la upuzi. Asubuhi iliyofuata alirudi Gatina na simu yake, akapiga picha vile vyuma, waya uliokatika na rangi iliyobanduka, kabla fundi hajaja kuchomelea. Na jirani yangu, hata kwa maumivu yale, alikuwa amekataa kutoka hospitalini mpaka apewe karatasi zake zote. Alikuwa mtu wa karatasi. Alikuwa na bahasha kubwa ya kaki chini ya godoro, na humo alitia kila kitu: kadi za kliniki, risiti ya sufuria, barua za shule. Nilikuwa nikimtania kwamba siku moja atazaa bahasha. Mimi karatasi yangu ya hospitali niliwashia jiko siku ya pili.

Siku ya nne keateka wa ile nyumba alikuja Gatwekera. Ndiye aliyeisimamia kwa niaba ya mwenyewe, kijana mpole wa kuvaa shati safi. Aliulizia njiani mpaka akafika mlangoni pangu kwanza, kwa sababu ndio wa mbele. Alikuwa na mifuko miwili. Katika kila mfuko kulikuwa na unga, sukari, mafuta ya kupikia na blanketi jipya, na mkononi alikuwa na ubao wa kubania karatasi na kalamu imefungwa kwa uzi.

"Mathe, pole sana," alisema. "Mwenye nyumba ameskia vibaya. Ametuma hii kitu kidogo. Utanisainia tu hapa."

Sasa lazima nieleze sisi watu wa Kibera na karatasi. Sisi tumesaini maisha yetu yote. Wakija kugawa neti, tunasaini. Semina ya kunawa mikono, tunasaini tukiingia na tunasaini tukipewa soda. Sabuni, chanjo, mashauriano ya choo kipya, kila kitu kina listi, na listi zote ni sawa: juu kuna maandishi ya wenyewe, kwa Kiingereza, chini kuna jedwali, na jedwali ndilo letu. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, saini. Hatusomi ya juu. Ukisoma ya juu, foleni nzima itakupigia kelele kwamba unachelewesha watu. Nimewahi kusaini listi nikiwa na mtoto titini na sufuria mkono wa pili, na sikukosea tarakimu hata moja ya kitambulisho.

Kwa hivyo nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto, nikaruka maandishi ya juu, ambayo yalijaza zaidi ya nusu ya ukurasa, nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali. Lilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa na jina langu. Wa pili ulikuwa na lake.

Nilisaini wa kwanza. Keateka akaniomba nishike mfuko nimtazame. "Cheka kidogo, mathe," akasema, akanipiga picha na simu, kama wanavyofanya wote wanaoleta vitu. Nikacheka.

"Na huyu mwenzako?" akauliza, kidole kwenye mstari wa pili. "Si anaishi hapa tu kando?"

Hapo bati likagongwa mara mbili.

Alikuwa ndani, kitandani kwake, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Alikuwa amesikia sauti ya mgeni, amesikia anaulizwa. Nikawaza uji wa zamu. Nikawaza mume na mgongo wake. Nikawaza kwamba kwa mara ya kwanza tangu tuanguke, mtu alikuwa ameanzia mlango wangu. Nikakohoa kwa nguvu ili kuifunika ile sauti, kisha nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Huyo hayuko. Alisafiri. Alienda ushago."

"Lini?"

"Jana."

Keateka akaandika kitu mbele ya jina lake, akasema basi, akaondoka na mfuko wa pili. Naomba hili lieleweke. Sikuutaka mfuko ule. Sikumwambia aniachie nimtunzie. Nilitaka tu asiupate. Nilikaa kitandani na blanketi langu jipya, mgongo umeelekea bati. Jirani hakugonga tena, siku hiyo wala siku nyingine.

Wiki ilipoisha akarudishwa hospitali kwa mkokoteni, na picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye nyonga. Walisema wazi kwamba pasipo upasuaji hatatembea vizuri tena, na upasuaji ule haukuwa wa watu wa kipato chetu. Niliposikia hayo nililia kweli. Mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu na bado akamlilia. Mimi nilifanya yote mawili kwa siku moja.

Ndipo mama mwenye ploti alipokuja. Ni Mnubi, mzee, babu zake walipewa ardhi ya Kibera walipomaliza kuwa wanajeshi, na juu ya kukusanya kodi alikuwa amesomea semina za wasaidizi wa kisheria mpaka akawa anazungukia watu wake na miwani na daftari. Alikuja kwanza kwa jirani, na akakaa kwake muda mrefu. Kupitia bati nilisikia kila neno. Alimwambia aweke kila karatasi ya daktari, hata ya dawa ya maumivu. Aandike siku, saa na mahali, wakati bado anakumbuka. Aripoti kituo cha polisi apewe namba. Aorodheshe walioona. Ile nguo aliyoangukia nayo asiifue. "Na mtu akikuletea karatasi, usiguse kalamu mpaka nisome mimi au wakili," alimwambia. "Hata akiwa na unga. Wallahi hasa akiwa na unga."

Nilitoka nje kwa haraka. Unajua nilichokuwa nimekiona katika maneno yale? Nilikiona kitu cha kujivunia. Nilisimama mlangoni mwa jirani nikasema kwamba mimi nilikumbukwa tayari, nililetewa vitu mpaka mlangoni, na nikasaini vizuri bila kusumbua mtu.

Mama mwenye ploti alivua miwani. "Ulisaini nini, mwanangu?"

"Listi."

"Juu iliandikwaje?"

Sikujua. Jirani alikuwa amelala ubavu, ametazama bati.

Karatasi yenyewe niliisoma, au nilisomewa, miezi mingi baadaye, katika ofisi ya wakili ambaye mama mwenye ploti alimpelekea kesi ya jirani. Mawakili wa mwenye nyumba walikuwa wameituma kama ushahidi wao. Wakili, mwanamke mwenye sauti ya chini, alinitafsiria ile nusu ya juu kwa Kiswahili chepesi. Ilisema kwamba mimi niliyetia saini nimepokea fidia kamili ya majeraha yangu, kwamba nimeridhika, na kwamba sitamdai mwenye nyumba chochote tena, mimi wala warithi wangu. Aliposema warithi nilimfikiria mwanangu na alama yake ya chai. Niliuliza kama inaweza kufutwa. Akasema tunaweza kujaribu kuipinga, ila kuna saini, kuna kitambulisho, na kuna picha nikicheka. Alikuwa mkweli nami. Mkono wangu ulikuwa umepona ukiwa umepinda; niliweza kushika kijiko, sikuweza kukamua hata taulo. Lile blanketi jipya nililifua mara moja, likakaa kwenye kamba siku tatu likidondosha maji. Mama fua asiyekamua ni mama wa kutazama wenzake wakifua.

"Lakini leo sikukuitia hiyo," alisema wakili. "Wewe ni shahidi wa ule waya. Na kuna shida nyingine." Akaweka kidole kwenye mstari wa pili wa jedwali. Mbele ya jina la jirani yangu keateka alikuwa ameandika: *Amesafiri ushago*.

Akatueleza, mimi na jirani aliyekuwa ameketi kando yangu. Picha ya kwanza ya nyonga haikuonyesha ufa. Ya pili ilionyesha. Mwenye nyumba alikuwa anadai kwamba katikati ya hizo mbili, mgonjwa alipanda gari akaenda kwao magharibi, na kwamba kama aliweza kusafiri basi hakuwa ameumia sana, na kama alivunjika, alivunjikia huko. Maneno mawili yale yangeweza kuangusha kesi nzima, na kesi ikianguka upasuaji ungeanguka nayo.

"Nani alimwambia huyu keateka umesafiri?" wakili akamuuliza jirani.

Jirani alikuwa na magongo yake mawili mapajani. Aliyatazama. Alijua, na mimi nilijua anajua, kwa sababu sikuwa nimenong'ona siku ile, nilipaza sauti. Akayalaza vizuri, akasema, "Sijui. Labda aliskia vibaya."

Wakili akanigeukia. "Na wewe?"

"Hata mimi sijui," nikasema.

Siku zilizobaki kabla ya kesi sikuwa na amani, lakini nisijifanye mtakatifu. Amani niliyoikosa haikuwa ya majuto peke yake. Nilikuwa nikipiga hesabu mbaya. Nikinyamaza, atashindwa, na akishindwa tutakuwa sawa: yeye na mguu wake, mimi na mkono wangu, na bati letu katikati. Nilitaka tuwe sawa. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitafuta miaka yote tisa. Na kila jioni nilisikia bahasha ya kaki ikikwaruza upande wa pili, anapanga karatasi zake, anazihesabu, anazirudisha chini ya godoro. Kwa nini yeye asione haja ya kunisema? Hata kunilinda alinilinda kwa uzuri, na nilimwonea wivu kwa hilo pia.

Mahakamani mashahidi wanangojea nje mpaka waitwe. Nilipoingia yeye alikuwa mbele, amevaa nguo yake ya kanisa. Niliapa. Wakili wetu aliniuliza kuhusu vyuma, nikaeleza waya na rangi ya kijani na mfuko wangu wa vibanio, na mambo yakaenda vizuri. Kisha akasimama wakili wa mwenye nyumba. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa mpole, akaniita mama.

"Mama, huyu kwa hii picha ni nani?"

"Ni mimi."

"Unacheka."

"Niliambiwa nicheke."

Watu wakaguna kwa kicheko nyuma. Akakingoja kiishe.

"Wewe na mlalamikaji ni marafiki wa miaka mingi."

"Ni majirani."

"Mnafanya kazi pamoja, mnaishi ploti moja. Leo umekuja kumsaidia rafiki yako, sivyo? Ungesema chochote ashinde."

Akainua karatasi, akanionyesha mstari wa pili, akaniambia nisome. Nikasoma: amesafiri ushago.

"Kwa hivyo siku nne baada ya kuanguka, huyu mnayesema amevunjika nyonga alikuwa amepanda gari akaenda kwao."

"Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Hakuenda popote. Alikuwa kitandani. Hata choo alikuwa anabebwa na bwanake."

"Sasa hii imetoka wapi?"

Nilimtazama jirani. Nilikuwa natumaini, Mungu anisamehe, kwamba atanikazia macho kwa hasira ili nipate sababu ya kunyamaza. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mguu wake, ule mbaya, akiusogeza kwa mikono miwili ili ukae sawa.

"Imetoka kwangu," nikasema. "Mimi ndio nilimwambia keateka amesafiri."

Yule wakili alifurahi. Ilionekana. "Ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Mlipanga pamoja asisaini, ndio mje kudai pesa nyingi kortini?"

Huo ndio ulikuwa mlango aliokuwa ananifungulia, na ajabu ni kwamba ulikuwa mlango wa heshima. Ningeweza kuonekana mtu mwerevu, mtu aliyemkinga mwenzake. Kesi ya jirani ingeanguka, lakini mimi ningetoka pale nikiwa rafiki.

"Hatukupanga," nikasema. "Hata sikujua hiyo karatasi ni ya nini. Nilidhani ni listi ya unga. Nilisema amesafiri juu ya wivu."

Hakimu akainua kichwa. Alikuwa akiandika kwa mkono. "Sema kwa sauti, mama, niandike."

"Nilikuwa na wivu," nikasema kwa sauti. "Huyu mama watu wanampenda. Sikutaka apate unga. Nilikuwa na wangu tayari, lakini sikutaka yeye apate. Sikuwa rafiki yake siku hiyo. Kama ningekuwa rafiki yake ningemwita, angesaini kama mimi, na hatungekuwa hapa."

Hakuna aliyecheka. Niliona kalamu ya hakimu ikienda, ikafika mwisho wa mstari, ikarudi. Wakili wa mwenye nyumba alisimama kidogo na karatasi yake mkononi, kisha akasema hana swali lingine.

Tulikaa kwenye benchi nje, kungojea mume wake aite boda. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi. Alichukua muda kupanga magongo yake ukutani.

"Hukuwaambia niligonga," akasema hatimaye.

"Hawakuuliza."

"Niligonga mara mbili, jirani."

"Nilisikia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, akafunga kifungo cha sweta. Ndiyo yote tuliyowahi kusema kuhusu siku ile.

Alishinda. Ilichukua muda, na baada ya kushinda ikachukua muda mwingine, lakini alifanyiwa upasuaji, akatupa gongo moja, halafu akabakia na lingine la kutokea nje tu. Wakahama. Walipata nyumba ya mawe huko Riruta Satellite, vyumba viwili, choo ndani. Upande wa pili wa bati langu sasa kuna vijana wanne wanaocheza muziki, na nikigonga mara moja hawajui maana yake ni nini. Mimi natembeza mboga kwa mkono wa kushoto. Na mtu wa Gatwekera akigongwa na pikipiki au akiangukiwa na ubao, mimi huwa wa kwanza mlangoni kwake, nikimfokea kwamba asisaini kitu, aombe karatasi zake, aende kwa mama mwenye ploti. Wengine wananiona mkorofi. Simjali mtu.

Aliniita Satellite mwaka huu, siku ya Jumapili. Nilikwenda nimevaa vizuri, na wivu wangu nimeuvaa pia, wala sikuudharau. Njiani tayari nilikuwa nimemchukia kwa ajili ya vigae. Vigae vilikuwepo. Kulikuwa na kochi, pazia refu, na sinki lenye maji ya bomba yanayokuja ukifungua. Aliniketisha, akaenda jikoni kuchemsha chai, akiburuta kidogo mguu ule. Nikabaki peke yangu sebuleni na kila kitu chake.

Ukuta wa jikoni ulikuwa mawe, umepigwa plasta laini, rangi ya maziwa. Niliutazama sana. Sijui ni kitu gani kilinituma. Niliunyoshea ule mkono wangu uliopinda, nikagonga mara mbili. Mawe hayatoi sauti. Niliumia vidole tu, na mwenyewe nilisikia kitu kidogo mno, kama mtu aliyeweka kijiko kwenye meza ya mbali.

Jikoni, maji yalifungwa.

"Naja, jirani," akasema, na nikaanza kuusikia mguu wake ukija.